Kisanduku Kilichopanda Juu: Kumuaga Mama Adélaïde wa Imprimerie Bihogo

Tarehe 30 Septemba mwaka huu, mama Adélaïde Barampama anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi katika Imprimerie Bihogo, kiwanda chetu cha uchapaji hapa Cibitoke. Hakuna aliyebaki kazini anayekumbuka kiwanda hiki bila yeye, isipokuwa mimi, Massoudi wa mashine ya kukatia karatasi, niliyeingia miezi michache kabla yake nikiwa kijana mdogo. Yeye mpaka leo hakubali kwamba nilimtangulia. Ndiyo maana uongozi umenikabidhi kurasa hizi za programu ya sherehe, na wameniomba nisitie chumvi. Nitajitahidi.

Alipoajiriwa alipewa meza ya kupanga herufi za risasi. Kazi ile ilitaka mtu asome maneno kinyumenyume, kutoka kulia kwenda kushoto, na yeye aliyasoma hivyo haraka kuliko sisi tunavyosoma kwa kawaida. Zilipokuja mashine mpya, herufi zile zikauzwa kwa kilo, akanuna wiki nzima. Kisha ikaja kompyuta. Akanuna tena, safari hii siku mbili tu, halafu akaikalia na hakuiachia mtu mwingine.

Sehemu kubwa ya maisha yake kazini ameipitisha kwenye kadi: kadi za harusi, za mahari, za ubatizo, za kumaliza kilio. Nusu ya watu wa kaskazini mwa mji huu wameoana kwa mkono wake, na nusu nyingine wameagwa kwa mkono huohuo. Anakaa avenue ya sita, karibu na kiwanda kuliko sisi wote, na ndiye anayefika wa mwisho. Sababu ni kwamba kila lango la njiani lina mtu aliyewahi kumchapia kadi, na kila mmoja lazima aulizwe habari za watoto kwa majina yao. Wakurugenzi watatu wamejaribu kumrekebisha katika jambo hili na wote watatu wameshindwa.

Hapendi mapambo. Mteja mmoja aliwahi kutaka maua ya dhahabu kwenye pembe zote nne, njiwa wawili, pete, na picha yake mwenyewe amevaa miwani ya jua. Mama Adélaïde alimsikiliza kwa heshima zote, akaandika kila kitu, kisha akamtengenezea kadi nyeupe yenye majina mawili, mahali, siku na saa. Akamwambia aipeleke kwa wakwe, na wakilalamika airudishe. Hakuirudisha. Mimi binafsi wale njiwa niliwapenda, lakini hakuna aliyeniuliza.

Sheria yake moja tumeirithi wote. Hakuna karatasi inayokwenda kwenye mashine kubwa kabla ya kutolewa ya majaribio, na ile ya majaribio lazima isomwe na watu wawili, mmoja wao awe mtu asiyeijua familia kabisa. Alisema anayeijua familia husoma kile anachokijua, haoni kilichoandikwa. Mara nyingi huyo wa pili nilikuwa mimi, nikiwa na mafuta ya mashine mikononi, nikifukuzwa nisiichafue karatasi na wakati huohuo nikihimizwa niisome vizuri.

Miaka kumi hivi iliyopita watu walianza kualikana kwa simu, na kadi zikapungua mpaka mashine zikawa zinalala mchana. Mama Adélaïde, aliyekwisha kutimiza miaka hamsini, akajiandikisha kwenye masomo ya jioni ya kompyuta huko mjini. Alisoma na vijana wa umri wa wanawe na akawashinda wengi wao, jambo ambalo ametukumbusha mara nyingi bila kuulizwa. Alirudi akatutengenezea tovuti. Familia ikichapisha kadi kwetu, tangazo lake linawekwa pia kwenye tovuti ili hata ndugu walioko mbali walione.

Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa ajili ya wenzangu wa mashine ambao kompyuta kwao ni kitu cha kufungulia muziki. Juu ya kila tangazo alitaka pawe na kisanduku kidogo chenye mahali, siku, saa na namba ya simu. Badala ya kukichora upya kila mara, aliandika maagizo yake mara moja tu na kuyapa jina fupi. Ukiandika jina hilo ndani ya mabano ya mraba pale unapotaka, mfumo wa tovuti unaliona, unayaendea maagizo, na kisanduku kinatokea. Wataalamu wanaita msimbo mfupi. Sisi tuliita mabano ya mama Adélaïde, na yalifanya kazi miaka yote bila kosa. Kila tangazo lilikuwa na ukurasa wake, kisanduku kikakaa juu, maandishi chini yake, na jina la familia halikuwekwa ndani ya kisanduku kwa sababu mama huyu anapenda nafasi nyeupe kama wengine wanavyopenda sukari.

Mwezi wa Agosti mwaka jana, mkurugenzi wetu Valéry aliomba matangazo yote ya wiki yawekwe kwenye ukurasa mmoja, ili mtu asihangaike kufungua huku na huku. Wazo lilikuwa zuri na nasema hivyo bila kujipendekeza. Wiki hiyo yalikuwapo mawili tu. La kwanza lilikuwa la mahari, au dot kama tunavyoiita mtaani, nyumbani kwa mzee Népomuscène wa Gasenyi, aliyekuwa akimwoza binti yake. La pili lilikuwa la kuganduka, yaani kufunga kabisa kilio, nyumbani kwa mama Irène wa Ngagara, ambaye mumewe, fundi mkuu wa gereji moja ya mjini, alikuwa ametimiza mwaka kaburini. Sherehe zote mbili zilikuwa Jumamosi ileile, alasiri.

Mama Adélaïde aliweka la mzee Népomuscène kwanza, akaufungua ukurasa, akaona kisanduku kimekaa juu kama alivyozoea kukiona. Akaridhika. Siku ya pili likaja la mama Irène, akaliweka chini ya lile la kwanza na mabano yake, akasoma majina na namba upande wa kuandikia, akaondoka. Hakufungua upande wanaouona wasomaji. Yeye aliyetukatalia kwa miaka yote kuchapa hata kadi moja bila karatasi ya majaribio, siku hiyo hakutoa ya majaribio.

Kule wasomaji walikoangalia, kisanduku cha Ngagara kilikuwa kimepanda. Hakikubaki chini na tangazo lake, kilikuwa kimeruka mpaka juu na kujipanga nyuma ya kile cha Gasenyi, visanduku viwili mfululizo, kisha maandishi ya mahari, kisha maandishi ya kilio. Aliyesoma habari za mahari aliona kwamba kisanduku kilichogusana nazo kwa juu ni cha Ngagara. Aliyesoma habari za kilio hakuona kisanduku chochote karibu, akapanda hadi mwanzo wa ukurasa, akachukua cha kwanza alichokikuta, ambacho kilikuwa cha Gasenyi.

Sasa, pengine mahali pengine kosa kama hili lingekomea langoni. Kwetu haliwezi kukomea hapo. Mtu akija kwenye sherehe yako amevaa vizuri, humwulizi wewe ni nani na umekuja kwa nani. Unampa kiti, unampa kinywaji, unamshukuru kwa kuja. Kumwuliza ni kumtukana. Kwa hiyo wageni wa mahari walifika Ngagara, akina mama wamejifunga imvutano, mavazi yetu ya sherehe, zinazong'aa, wakapewa viti na soda, wakakaa kusikiliza hotuba ndefu kuhusu mzee mmoja mwema sana. Wakadhani ni babu wa bibi harusi. Walipoelewa, wakaondoka mmoja mmoja kimyakimya kwa adabu, bila kumwambia mtu kitu.

Na mafundi wa gereji, wenzake marehemu wa miaka mingi, walifika Gasenyi wamevaa nguo nyeusi.

Tuliyajua haya Jumatatu asubuhi, mzee Népomuscène alipopiga simu. Bahati mbaya niliipokea mimi. Kabla sijajitambulisha alikuwa amekwishaanza: "Mulinitumia batu ya kilio ku dot ya mutoto wangu! Banakuya, banakaa, banakunywa Fanta, na hakuna mutu anacheka!" Nilimwomba radhi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Alipofika mwisho wa hasira yake alikuwa ameanza kucheka mwenyewe, kwa sababu mahari ilipokelewa, wakwe waliridhika, na shangazi mmoja aliwasifu wale wageni wenye nguo nyeusi kwa utulivu wao. Lakini mama Adélaïde, aliyekuwa amesimama nyuma yangu akisikiliza, hakucheka. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya upande wa pili, wa Ngagara, ambako hakuna aliyepiga simu.

Kwa kuwa nimeombwa kuandika ukweli, niseme kwamba saa za kwanza hakuwa mtu wa kumkaribia. Alilaumu simu za watu. Alilaumu mtandao. Alilaumu sura mpya ya tovuti ambayo Valéry alikuwa ameinunua. Mwishowe alinilaumu mimi, kwa sababu wiki iliyotangulia nilikuwa nimekigusa kipanya cha kompyuta yake nikitafuta kalamu. Kisha akavuta kiti, akafungua ukurasa wa majaribio usioonekana na watu, akaandika maandishi matatu ya uongo, na akaweka mabano yake chini ya kila andishi. Visanduku vyote vitatu vikaruka juu. Akayaweka mabano katikati, vikaruka juu. Hapo akaanza kusoma maagizo aliyoyaandika mwenyewe miaka ile, kwa sauti, mstari kwa mstari, akinisomea mimi nisiyejua lolote.

Kosa lilikuwa la mkono wake, na lilikuwapo tangu siku ya kwanza. Mfumo wa tovuti unapokutana na mabano bado unayakusanya maandishi ya ukurasa, haujayatoa. Unayaita maagizo na kusubiri yaurudishie kitu ili wenyewe ukiweke pale palipo na mabano. Maagizo ya mama Adélaïde hayakurudisha kitu. Yalikitoa kisanduku papo hapo, kabla ya maandishi yote. Ni kama kwenye kabare, yaani baa ya mtaani, mhudumu wa meza unamtuma jikoni akuletee sahani, na mpishi badala ya kumkabidhi anaipeleka mwenyewe na kuiweka kwenye meza ya kwanza mlangoni. Muda wote kisanduku kilipotakiwa kuwa juu, hakuna aliyeona tofauti. Kilipotakiwa kuwa chini ndipo kikaonekana.

Akarekebisha. Maagizo sasa yanakusanya kwanza kila kitu cha kisanduku mahali pamoja, yakimaliza yanaurudishia mfumo, na mfumo unaweka palepale penye mabano. Aliyajaribu juu, katikati na chini, kwenye kompyuta na kwenye simu yangu iliyopasuka kioo, na kila kisanduku kikabaki na tangazo lake. Akaongeza jina la familia ndani ya kisanduku, kwa herufi nzito, nafasi nyeupe ikapungua na hakulalamika. Halafu akaniita nisome ukurasa mzima, kama mtu asiyeijua familia.

Kazi ingeweza kuishia hapo. Valéry alishauri iishie hapo, na hakuwa na ubaya. Mwezi wa harusi ulikuwa haujaisha, wateja walikuwa wachache, na ile familia ya Ngagara haikuwa imelalamika; kwa nini kuwapelekea habari ya kuwaumiza? Mama Adélaïde alimjibu kwamba familia ambayo wageni wake hawakufika haiwezi kujua kwamba ilikosewa. Akaniambia nichukue koti langu, kwa kuwa baadhi ya mafundi wale nawafahamu tangu utoto.

Tulianzia kwa fundi Khaled, ambaye wenzake walikuwa wamemchagua awe msemaji wao siku ile. Alitueleza kwamba nyumba ya Ngagara waliijua, ila kwa kuona Gasenyi kwenye kisanduku walidhani kilio kinafungiwa kwa ndugu. Waligundua kosa pale binti alipotolewa kuonyeshwa kwa wakwe. Hawakuweza kuinuka, kundi la watu waliovaa nyeusi kuondoka katikati ya mahari ni mkosi kwa bibi harusi. Wakasubiri mpaka mwisho. Walipofika Ngagara giza limeingia, viti vimekunjwa, taa za uani zimezimwa. Wakaona haya kubisha hodi. "Tutamuambia nini ule mama?" alituuliza. "Tumuambie tulikuwa ku dot, tunakunywa?" Basi walikaa kimya, na kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kwenda.

Tukaenda kwa mama Irène. Alitukaribisha sebuleni, akatupa chai kabla ya kutuuliza shida yetu. Ukutani palikuwa na picha ya marehemu amevaa ovaroli, na kwenye kijia cha kwenda jikoni yalikuwa yamepangwa makreti ya vinywaji, yamejaa, hayajafunguliwa. Desturi ya kuganduka inataka rafiki wa marehemu asimame aseme neno, na siku ile nafasi hiyo ilipofika hakusimama mtu. Shemeji mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba kumbe kaka yake alikuwa na kazi, hakuwa na marafiki. Hayo tuliyasikia kwake mwenyewe, akiyasema polepole akiangalia kikombe. Yale makreti alikuwa amewanunulia mafundi na hakuwa na moyo wa kuyarudisha depo, kwa muuzaji wa jumla.

Mama Adélaïde hakuzunguka. Alimwambia: mimi ndiye niliyetengeneza ukurasa ule, kosa ni langu, sikuuangalia, na wageni wako niliwapeleka Gasenyi. Nilijua mama Irène angekasirika, na nilikuwa nimejiandaa kukasirikiwa naye. Aliweka kikombe chini. Akauliza kama ni kweli. Akauliza walikuwa wangapi, nikamtajia wale niliowajua kwa majina. Akauliza walivaa nini.

"Nyeusi," alijibu mama Adélaïde. "Bote."

"Kumbe balikuya," mama Irène alisema. "Mi nilisema bamemusahau. Siku zote hizi nasema bamemusahau." Akajifunika uso kwa kitenge akalia, na mama Adélaïde akalia naye. Mimi nilikwenda kuangalia makreti.

Jumapili iliyofuata mafundi walikuja, wote, na zile nguo nyeusi. Khaled alisimama uani akasema maneno aliyokuwa ameyabeba tangu Jumamosi ile, na yule shemeji, ambaye mama Irène alikuwa amehakikisha kwamba ataitwa, aliyasikia kutoka mwanzo hadi mwisho akiwa kwenye kiti cha mbele. Jumatatu makreti yalirudi depo yakiwa matupu.

Mama Adélaïde anatuachia tovuti inayofanya kazi na meza safi. Mélissa, atakayeikalia, ameonywa kuhusu njiwa na kuhusu karatasi za majaribio. Kwa niaba ya wote wa Imprimerie Bihogo, wa mashine, wa ofisi na wa langoni, nasema ahsante: kwa mikono yako, kwa ukali wako, na kwa siku ile uliyonivuta koti twende Ngagara wakati hakuna aliyekulazimisha. Nitakukosa sana, mama, na naandika hivyo hapa kwa sababu mdomoni sitaweza kusema.

Upumzike vizuri ukiwa na afya njema, uwalee wajukuu, uamke saa unayotaka. Na popote utakapoalikwa, ufike.